Shimo la Upande wa Kushoto

Maabara nzima ilimwita Unywele, kwa kuwa hakuna aliyekata ubongo wa marehemu kwa wembamba kama yeye. Aliulaza kwenye fomalini, dawa ya kuzuia kuoza, mpaka ukawa mgumu, akazamisha kibonge chake kwenye nta, akazungusha mkono wa mashine, na vipande vikatoka vyembamba hata mwanga ukapita. Maprofesa walivitazama kwa darubini. Kila mtungi ulikuwa na namba tu. Jina lilifungiwa ofisini, ili mkono wa mkataji usitetemeke.

Miaka ishirini na sita ya kazi hiyo ilimvimbisha kichwa. Fundi wa nguo hajidai kujua siri za mvaaji, lakini huyu aliamini kwamba kukata ubongo ni kuujua.

Dada yake mkubwa ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufa. Waligombana alipooa, wakanuniana miaka mitatu. Kisha dada akapata kiharusi, na Unywele akameza kiburi, akaenda.

"Dada, nimekuja tuyamalize."

Dada akamtazama, machozi yakimlengalenga. "Sufuria," akasema.

"Nakuomba radhi, dada."

"Sufuria. Sufuria."

Alitoka amefura. Sebuleni alimkuta mpwa wake, binti wa huyo dada, amekaa na mtaalamu wa mazoezi ya kuzungumza.

"Anajifanya," Unywele akasema. "Ulimi unaoweza kusema sufuria unaweza na kusema nimekusamehe. Ananikomoa tu. Mkimbembeleza ndiyo mnamharibu."

"Lakini mjomba, huyu mtaalamu anasema..."

"Yeye kashika ubongo mara ngapi?"

Nani angebishana na mtu wa maabara? Mtaalamu akaambiwa asirudi. Watu wakaacha kumjibu mgonjwa, watoto wakamwita Bibi Sufuria, na mwisho hata neno lake hilo moja akaliacha. Alikufa mwaka uliofuata. Unywele hakwenda kuzika. Alisema ana kazi nyingi, na kwa kweli alikuwa nazo.

Miezi miwili baadaye akakata mtungi namba 614. Upande wa kushoto, nyuma kidogo ya paji, palikuwa na shimo la kuingia ncha ya kidole gumba. Profesa alilipenda mno, akawaita wanafunzi.

"Sehemu ya kutamka imekufa yote," akawaeleza. "Ya kuelewa, hii ya karibu na sikio, ni nzima kabisa. Mama huyu alielewa kila alichoambiwa. Kujibu ndiko kulikomshinda. Alibakiwa na neno moja, na kila alichotaka kusema kilitoka kwa neno hilo."

"Neno gani, Profesa?"

Akapekua karatasi. "Sufuria."

Wanafunzi wakacheka. Unywele akashika ukingo wa meza.

"Alianza mazoezi, yakakatizwa," Profesa akaendelea. "Ndugu mmoja aliwaambia anajifanya. Binti yake ndiye aliyetupa ubongo huu kwa ajili ya masomo. Ameomba jambo la ajabu kidogo: ukatwe hapa kwetu, na mkataji asomewe majibu. Umesikia, mzee?"

"Nimesikia."

"Basi nikatie vingine arobaini, vya kufundishia. Na utulize mkono, leo unatetemeka."

Unywele akarudi kwenye mashine. Alivikata vyote arobaini, na kila kimoja kilitoka na lile shimo.