Taulo ya Lojing

Harufu ya taulo mbichi hunirudisha Makindu, kwenye lojing tuliyolala na mama tukienda harusi. Asubuhi mama alifagia chumba, akafua taulo na kuianika uani, kwa sababu kwetu mgeni hawaachii watu uchafu wake. Tuliporudisha ufunguo, yule dada wa kaunta, akitafuna chingamu kama mbuzi, alituma mtu akague chumba.

“Taulo haiko. Mama, fungua mkoba.”

Yule dada akamwaga Biblia yetu, leso na kibakuli cha mahindi ya muthokoi juu ya kaunta. Taulo ilipoonekana kwenye kamba, ikitiririka maji, alisema tu, “Na nani alikutuma ufue?”

Mama akamshukuru kwa kutulaza.

Siku hizi nikitoka hotelini, taulo naiacha sakafuni. Naikanyaga kwanza.