Sanduku la Loisi na Uta wa Keekee

Loisi alirudi kutoka shambani na tita la kuni kichwani, akakuta kona ya nyumba iko tupu. Pale lilipokuwa sanduku la marehemu mumewe palibaki alama ya mraba tu kwenye vumbi. Hakulitua tita lake taratibu. Alilibwaga mpaka kuku wakaruka.

"Yudith! Nani kaingia humu ndani?"

Yudith, binti yake wa miaka kumi, alikuwa amekaa kizingitini na wenzake sita, kila mtoto na kigari chake cha mti mapajani. "Baba mkubwa Matonya, mama. Kasema ni amri."

"Amri ya nani?"

"Ya kwake."

Hasira ya Loisi haikuwa ya moto wa mabua, unaowaka ukazimika. Ilikuwa kama kaa la mgunga: unalifukia jivu jioni, asubuhi unalikuta linakungoja. Na kaa hilo Matonya alikuwa amelichochea siku nyingi.

Huo ulikuwa mwaka wa pili tangu reli ya Wajerumani ifike Dodoma. Elieza, mume wa Loisi, alijifunza useremala kwa wamisheni, akaenda kufanya kazi kwenye madaraja ya reli, na homa ikamchukua huko huko. Wenzake wakamletea mjane sanduku. Ndani yake mlikuwa na tezo, msumeno mdogo, patasi mbili, nyundo, jiwe la kunolea, na keekee ya kutobolea. Matanga yalipokwisha, wazee wa kijiji cha Chilonje walikaa, wakasema Loisi arithiwe na Matonya, kaka wa marehemu, kama ilivyo desturi. Loisi akawajibu kwamba yeye amebatizwa, na Matonya tayari ana wake wawili wanaomtosha na kumzidi. Watu walicheka. Matonya hakucheka.

Toka hapo Loisi aliishi kwa sanduku lile. Alikuwa amemshikia Elieza mbao miaka minane, na mikono yake ilijifunza bila kufundishwa. Wanawake wa Chilonje walimletea majembe awatilie mipini, wakampa uwele au kuku. Na watoto walimletea vipande vya mti.

Maana watoto walikuwa wameshuhudia reli, wakaona toroli likishuka mteremko bila kuvutwa na mtu, na tangu hapo hawakulala. Nyuma ya Chilonje kuna jiwe kubwa, limelala chali kama ng'ombe aliyeshiba, mgongo wake laini. Juu yake watoto waliachia vigari vyao ili waone cha nani kitafika chini kwanza. Loisi aliwafundisha kazi kwa mpango. Gogo linachongwa kwa tezo, mtoto akikaa mbali na miguu yake ameikunja. Magurudumu yanakatwa kwa msumeno kutoka tawi kavu, kwa sababu tawi bichi hupasuka likikauka. Ekseli ni kijiti cha mkole kilichonyooka, kinapakwa mafuta ya nyonyo. Nyuma unachimba shimo kwa patasi, unashindilia kokoto ili kigari kiwe na uzito wa kukisukuma. Lakini roho ya kazi ni tundu la gurudumu. Tundu likienda upande, kigari kinachechemea, kinapinduka. Ukitoboa kwa chuma cha moto, gurudumu linapasuka. Tundu linataka keekee.

Siku ile vigari saba vilikuwa vimekamilika, ila magurudumu ishirini na manane hayakuwa na tundu hata moja.

Loisi hakunywa hata maji. Alimkuta Matonya zizini, anamkagua ndama.

"Shemeji, liko wapi sanduku langu?"

"Karibu, mama Yudith. Hata salamu?"

"Salamu uliziruka ulipoingia nyumbani kwangu mimi sipo. Sanduku liko wapi?"

Matonya alikuwa jumbe wa Chilonje, mtu mrefu, mwenye sauti ya taratibu anaposema jambo baya. "Liko kwa akida. Akida Abbasi anajenga nyumba ya kulala Wazungu wapitao. Katutaka watu wawili mwezi mzima, au mtu mmoja na vyombo vya seremala. Watu watatoka wapi, wakati vijana wote wako relini? Nimetoa mtu mmoja na vyombo."

"Na huyo mtu wa pili angekuwa nani?"

Matonya alimgeukia ndama.

"Nakuuliza, shemeji. Angekuwa nani?"

"Akida kasema asipopatikana mtu, jumbe mwenyewe atabeba matofali."

"Ahaa!" Loisi akapiga kofi. "Kwa hiyo umejikomboa kwa mali ya yatima!"

"Mali ya ndugu yangu! Ulikataa kurithiwa wewe, basi vyombo vimerithiwa. Na tena, mwanamke na tezo wapi na wapi? Kutwa unachonga vitu vya kuchezea."

"Jembe la mke wako mkubwa lina mpini wa nani?"

Mke mkubwa, aliyekuwa anatwanga karibu, alikohoa, akatwanga kwa nguvu zaidi.

Loisi alirudi nyumbani. Aliinua macho darini, akauona uta wa keekee bado umening'inia. Ule uta ndio unaoizungusha keekee: kamba yake ya ngozi inaviringishwa kwenye mti wa keekee, unausukuma mbele na nyuma kama unayekata kwa msumeno, na ncha inakula ubao. Bila uta, keekee ni kijiti chenye msumari. Lakini Matonya ni Mgogo wa ng'ombe; katika maisha yake, uta usio na mishale ni ndono, ule wa muziki, unaopigwa ukiwa umefungwa kibuyu. Aliuona, akadhani ni ndono ya marehemu iliyopoteza kibuyu chake, akauacha.

"Alisema hiyo ndono umwachie Yudith, ajifunze kuimba nayo," mtoto mmoja akaeleza.

Loisi alicheka, lakini si kicheko cha furaha.

Asubuhi akaubeba uta begani, akatembea saa nzima mpaka kwenye ujenzi karibu na stesheni. Alikuta shughuli imesimama. Makame, seremala wa mjini mwenye kofia iliyoshonwa vizuri, alikuwa ameshika keekee mbele ya pua ya Matonya, aliyeitwa tangu alfajiri.

"Jumbe, hii itazungushwa na nini? Na ulimi wako?"

"Mimi nimeleta kila kilichokuwa sandukuni!"

"Keekee yangu mwenyewe imevunjika, milango sita inangoja, na wewe unaniletea nusu. Ni kama mtu kuleta kinu akaacha mchi!"

Akida Abbasi alikuwa amekaa kwenye kiti kivulini, askari na kiboko chake pembeni. Alimwona Loisi. "Na huyu anataka nini na upinde wake? Vita?"

"Nataka vyombo vyangu, Bwana akida. Vimetolewa nyumbani kwangu bila idhini yangu."

"Vyako? Mwanamke ana tezo ya nini?"

"Natia mipini. Na natengeneza magari ya watoto."

Hapo wakacheka wote, mpaka wabeba matofali, mpaka askari. Matonya alicheka kuliko wote, maana alikuwa amepata mahali pa kujificha. Basi Loisi akashindwa kujizuia. Aliipokonya keekee mkononi mwa Makame, akaviringisha kamba ya uta, akaweka ubao wa mlango chini na kuukanyaga. Uta ukaenda na kurudi, mavumbi ya mti yakaruka, tundu la kwanza likatokea upande wa pili, la pili, la tatu, yote yamenyooka kwa mstari. Hakuna aliyecheka tena.

Makame aliinama akachungulia. "Wallahi, mama, mkono huu una fundi ndani yake." Akamgeukia akida. "Vyombo ni vya kwake, Bwana akida. Mtu haushiki uta hivi kwa kuazima."

Loisi alidhani amekwisha kushinda. Akainama kuweka keekee sandukuni.

"Vizuri," akasema akida, kama mtu aliyepata mbuzi aliyejileta mwenyewe. "Jina lake liandikwe. Atakuja na vyombo vyake kila siku mpaka mwezi uishe. Chilonje itakuwa imetimiza."

Loisi aliinuka. Alimtazama akida, akamtazama askari na kiboko, kisha akamtazama Matonya, ambaye uso wake ulikuwa unang'aa kama aliyepakwa samli. Hakuna sheria iliyomruhusu kukataa, na hakuna mlango wa kupitia. Angeweza kulia, lakini hasira haikumwachia nafasi.

"Nitakuja," akasema. "Lakini sanduku litalala kwangu kila siku. Likilala hapa, asubuhi hamtanikuta na mimi."

Akida aliangalia milango sita isiyo na matundu. "Lilale kwako."

"Na uwele wangu umeiva shambani. Nikiwa hapa nani atavuna? Huyu jumbe ndiye aliyetakiwa hapa, mimi nimesimama mahali pake. Basi na yeye asimame mahali pangu. Avune kwa mikono yake, si ya wake zake."

"Mimi? Kuvuna uwele wa shemeji?" Matonya alipaza sauti. "Watu watasema nini?"

"Au matofali yako pale, jumbe," akasema akida, aliyekuwa amechoka na kesi ile. "Chagua."

Mwezi ule Loisi alibeba sanduku kichwani akienda na akirudi, mabega yakichubuka, bila ujira wa hata kibaba cha chumvi. Na mwezi ule Matonya alivuna uwele, mbele ya wanawake wa Chilonje waliopita njia ndefu makusudi ili wamwamkie. "Shikamoo, jumbe! Kisu kinakata? Usisahau masuke ya chini!" Alijibu marahaba bila kuinua kichwa.

Jioni jua likiwa bado lina nguvu kidogo, Loisi alitoboa magurudumu ya watoto, matatu leo, manne kesho, kadiri mikono ilivyomruhusu.

Siku moja Matonya alileta kapu la mwisho, akalitua mlangoni, akasimama akijifuta shingo.

"Haya, mama Yudith. Uwele wote umekwisha. Umeridhika sasa?"

"Sijaridhika."

"Unataka nini tena?"

Loisi hakumwangalia. Watoto walikuwa wamezunguka wakimngoja, na mikono yake ilikuwa imechoka hata gurudumu likawa halitulii kwenye gogo.

"Kaa hapo chini, ushike hili nitoboe."

Matonya alitazama huku na huku, akaona jozi saba za macho zinamtazama, akakaa. Akalishika gurudumu kwa vidole viwili. Ncha ya keekee ikaanza kuzunguka karibu kabisa na kucha zake.

"Angalia vidole vyangu, shemeji!"

"Usivitikise basi."