Homa ya Pumzi, Homa ya Kondoo

Baba yangu alikuwa mtu wa mwisho Kulamawe kuvua barakoa. Wengine walikuwa wameshazisahau, mbuzi wanazitafuna nyuma ya maduka, yeye bado anaswali nayo na kupeleka mifugo majini nayo. Tulimcheka. Mimi ndiye niliyemcheka zaidi kwa sababu nina mdomo, ingawa ni mimi huyo huyo niliyekuwa nikimtumia hizo barakoa kutoka Kiwanjani, mjini Isiolo, ninakouza vitambaa.

Sababu yake niliijua. Korona ilimchukua baba mdogo, ndugu yake wa tumbo moja. Alikwenda harusini mjini akiwa mzima, wakakaa wanaume chumba kimoja, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi, wakanywa chai na kucheka sana. Baba alisema ni kicheko kile kilichomuua: ugonjwa ulitoka kwenye pumzi ya mtu ukaingia kwenye pumzi ya mwingine. Watu wachache waliovaa plastiki ndio waliomzika. Baba alisimama mbali, hakumwosha ndugu yake wala hakumshika. Tangu hapo alizishika zile kanuni kama anavyoshika swala. Kaa mbali, funika uso, acha mlango wazi hewa ipite.

Kisha zikaja mvua, zile za kupita kiasi. Maji yalituama kila mahali na mbu wakawa wengi mpaka ng'ombe wanakataa kulala. Kondoo wakaanza kutupa mimba, na wale wakubwa wakawa wanalegea ghafla. Sasa, kwetu mnyama akilegea mtu hukimbilia kisu. Ni lazima achinjwe roho ikiwa bado ndani na jina la Mungu litajwe, la sivyo ni kibudu, nyama yote ya fisi. Mwenye kondoo wanaoanguka huku na huku hapati nafasi ya kufikiri. Baba alichinja mmoja baada ya mwingine, mikono mitupu, damu hadi viwikoni. Barakoa, bila shaka, ilikuwa usoni.

Mama alinipigia simu asubuhi.

"Baba yako ana homa," alisema. "Amejifungia kwenye ile nyumba ya pembeni. Anasema ni ile iliyomchukua ndugu yake, tusikaribie."

Nilifunga safari na pakiti mpya ya barakoa, maana hata mimi niliamini. Nilimkuta mama amesimama mbali na mlango, leso ameizungusha usoni imebaki macho tu, anamsukumia baba kikombe cha chai kwa fimbo ya kuchungia. Miaka yote ile ya ndoa, halafu chai kwa fimbo. Mlango ulikuwa wazi kama kanuni zinavyosema, na chandarua chake baba alikuwa amempa mama. Alikuwa amelala ubavu, anatutazama.

"Simama hapo hapo, intala," aliniambia. Kwa Kiborana, huyo ni binti. "Nisije nikakuua."

Nikasimama. Niliogopa kitu kimoja tu, kwamba atakufa kama ndugu yake, bila mkono wa mtu juu yake. Nikashikwa na hasira ambayo sikujua nimpe nani, nikaenda kumsaidia mama kukamua mbuzi. Maziwa tuliyanywa hapo hapo, yakiwa bado na uvuguvugu.

Mchana daktari wa mifugo alipita, anazunguka boma kwa boma kwa ajili ya kondoo. Alikuwa na glavu na viatu vya mpira. Akauliza ni nani amekuwa akichinja wale wanaoanguka. Mama akaonyesha nyumba ya pembeni kwa kidevu. Daktari akamtazama baba kule ndani, akaitazama fimbo, akaitazama ndoo ya maziwa.

"Mama, hii inaonekana si ile ya kukohoa," alisema. "Hii ni kama homa ya Bonde la Ufa. Inatoka kwa kondoo, kwa damu na maji ya kuzaa, na maziwa haijachemka. Ama mbu. Kutoka kwa mtu kuingia kwa mtu, hapana. Mzee akitoka damu, vaeni glavu, hiyo tu. Apelekwe hospitali leo apimwe. Lakini nyinyi mnatoroka mzee na mnakumbatia kondoo."

Nilitaka kumjibu vibaya, ila alisema kweli. Magonjwa yote mawili yana kirusi, yote yanaua, na yote huanza kwa homa na kichwa, ndiyo maana tulipotea. Lakini kile cha kwanza kilitutafuta sisi. Bila mtu na jirani yake kingeishia pale pale. Hiki kingine makao yake ni mbu na mifugo, na sisi tunajipeleka kwa kazi zetu za kila siku, kukamua, kuzalisha, kuchinja. Ule mlango wazi, uliokuwa dawa ya ugonjwa wa pumzi, ulikuwa unamkaribisha mbu.

Mama hakungoja maelezo yaishe. Aliingia ndani vile vile alivyo.

"Toka," baba alisema. "Utakufa."

"Sogea nikae."

"Basi hiyo leso usiitoe. Mpaka wapime. Niapie."

Mama akaapa. Akakaa kitandani, akamlaza kichwa mapajani mwake, na baba akalia kwa sauti. Hata siku ya ndugu yake hakulia vile.

Hospitalini Isiolo walichukua damu, na majibu yakakawia. Mama alikaa kando ya kitanda chake na leso yake usoni. Nilimwambia aitoe, akanijibu ameapa. Homa ikaanza kushuka, tukamshukuru Mungu, na hapo ndipo macho yalipoanza kumsumbua. Baba akawa anaona pembe za dirisha lakini dirisha lenyewe halioni. Daktari wa hapo alisema homa hii huweza kufanya hivyo, na kwamba pengine pale katikati anapotazama hapatarudi tena. Majibu yalipotoka, yakasema ni ile ya kondoo.

Hapajarudi. Baba anamjua mtu kwa sauti sasa, na kondoo wake anawajua kwa kuwapapasa masikio. Mama hukaa naye, bega kwa bega. Siku moja tulikuwa tunachagua mchele, nikamwambia tushukuru, angalau hakumwacha peke yake.

Aliendelea kuchagua.

"Mara ya mwisho kuniona vizuri," alisema, "nilikuwa nimefunika uso."