Kamba Niko Nayo, Lakini Naogopa Kurudi Nyumbani

Hapa nimekaa nje ya duka Kamukuywa na kamba kwa mkono, nimeshalipa na bado siendi. Nyumbani wanangoja hii kamba ndio niingie kwa shimo. Admin wa hii group, ficha jina yangu tafadhali. Niko na miaka ishirini na nne, niliachia shule darasa la sita, na mimi si mtu wa kuongea sana.

Ndugu yangu mdogo anasoma yunivasiti, ile injinia ya mambo ya kilimo, mwaka wa mwisho. Projekti yake ni tanki ya bayogesi, ile unaweka mavi ya ng'ombe chini ya ardhi inatoa gesi ya kupika. Yeye alichora, mimi nikachimba na kujenga. Ikawaka vizuri wiki mbili, mama akapikia chai hapo, majirani wakakuja kuona. Sasa imeziba. Lekchara wake anakuja kesho, na kama haiwaki hamalizi chuo mwaka huu. Kwa hivyo jana walifungua mfuniko, wakatoa ile maji maji na ndoo, ikabaki matope huko chini, wakasema mtu aingie azibue. Mtu ni mimi, maana mashimo ndio kazi yangu.

Asubuhi nilishusha kifaranga kwa ndoo kupima hewa ya huko chini. Haikukaa sana, nikavuta. Kimelala, shingo imeanguka. Nikaonyesha baba, mzee wetu. Bro akasema gesi ni nyepesi, imeshapanda imeenda, hiyo kifaranga ilikuwa gonjwa. Mzee akaniangalia akasema, "Wewe na darasa yako ya sita ndio unataka kusomesha injinia?" Hata mama alicheka. Nikasema basi wacha nitafute kamba ya kunifunga, na hiyo ilikuwa tu njia ya kutoka hapo.

Yenye sijawahi ambia mtu ni hii. Kitale, pale mtaa wa Tuwan, nilikuwa nachimba visima na choo na jamaa anaitwa Simiyu. Siku moja aliingia kwa choo ya zamani. Hakupiga nduru. Alikaa tu chini pole pole kama mtu amechoka, akaniangalia. Mimi nilikuwa juu. Niliogopa nikakimbia mpaka steji, sikuita mtu hata mmoja, nikapanda gari ya kuja nyumbani. Hapa wanajua tu kazi iliisha. Nikisema najua hiyo hewa ya shimo inaua, wataniuliza nilijulia wapi. Na watu wa Simiyu si mbali, wako Misikhu. Dada yake huuza nyanya, nikimwona sokoni nazunguka na nyuma.

Sasa nyinyi wenye mmesoma, si mniambie, hewa mbaya inaweza kaa chini hata kama mfuniko iko wazi usiku mzima? Na nitaongea aje mzee aniamini bila kutaja Simiyu? Mtu aniandikie haraka.

Bro amenipigia sasa hivi. Anacheka. Ati, "Kaa na kamba yako bana. Jirani ametupea ngazi, naingia mwenyewe, nishavua viatu." Nimemwambia ngoja kidogo, amekata. Napiga tena, hashiki. Mzee pia hashiki. Wacha niende, kutoka hapa mpaka kwetu ni dakika kumi nikikimbia, na yeye ako na ngazi.