Friza ya Chumbani na Mkwe Nje ya Dirisha

Siku ile tulikuwa wanne. Mimi mwenye nyumba, hapa Nyegezi. Mjukuu wangu wa kike, miezi mitatu na siku kidogo, mtoto wa binti yangu wa mwisho. Baba wa mtoto huyo, yaani mkwe wangu, fundi wa friji na friza kule Usagara. Na jirani yangu, mama wa Kiislamu ambaye wazee wake walikuja Mwanza kuuza vitambaa. Undugu wa damu hatuna, ila tumeombana chumvi mpaka tumekuwa ndugu. Majina yao yote ninayo. Ninayo hata ya watu waliozikwa nikiwa sijaota meno ya pili. Lakini jina la mkwe, kwetu Wasukuma, halitoki mdomoni mwa mama mkwe, na nikiandika ya wengine nikaruka la kwake nitakuwa nimembagua. Basi nimeyaacha yote.

Binti yangu ni mwalimu. Likizo ya uzazi ilipoisha akapangiwa kusimamia mitihani Nansio, kisiwani Ukerewe, siku nne. Mtoto kifua kilikuwa kinambana, hakuweza kuvushwa ziwa katika ule upepo. Maziwa ya kopo tulishajaribu, akayatapika yote. Kwa hiyo binti yangu alijikamua wiki tatu, kidogo kidogo, akajaza vipakiti, akaviandikia tarehe, akavipanga ndani ya friza yangu. Siku ya kuondoka akaweka mkono juu ya mfuniko, akasema, "Mama, mimi nimo humu." Nikamwambia nenda.

Siku ya pili, mchana, friza ikaanza. Kwanza ilikoroma, halafu ikagonga, kama mashine ya kusaga iliyoingiwa na jiwe. Imo chumbani kwangu, hatua mbili kutoka kitandani. Mtoto akashtuka, akalia, kijiko cha maziwa akakitema. Nikachomoa waya, kimya, akanywa vijiko viwili. Nikafikiria vile vipakiti, nikachomeka tena, kelele, akalia. Nikakaa kitandani na waya mkononi, sijui nimsikilize mtoto au nilinde maziwa yake.

Nikampigia mkwe. Akaja na pikipiki, akasimama uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Unaisikia?"

"Nimeisikia tangu barabarani. Itolewe sebuleni niione."

Haitoki. Iliingia zamani, kabla hatujaweka mlango wa chuma hapo chumbani, na huo mlango ni mwembamba. Na yeye chumba cha mama mkwe haingii. Sikumkataza, naye hakuomba. Sisi hata mkono hatupeani. Akiniletea kitu anakiweka chini, anarudi nyuma, nami nakiokota.

Jirani alikuwa ameshakuja kwa ile kelele na kumchukua mtoto. Akacheka. "Nyie watu na ukwe wenu! Mtoto ana njaa, nyie mnatunza heshima. Ingia baba, nitakufunga kitambaa machoni."

"Bi mkubwa, nikifungwa macho nati nitaionaje?"

"Basi nipige picha." Akatoa simu yake.

Mkwe akageukia ukuta kama aliyekuta mtu anaoga. "Hapana! Na kitanda chake si kitatokea?" Akafikiri. "Mama, utafanya mwenyewe. Mimi nitasema."

Mimi shule niliishia darasa la pili. Bisibisi nilikuwa nafungulia makopo ya rangi tu. Akaweka spana na bisibisi dirishani, akarudi nyuma, akanipa mgongo. Jirani, ambaye umeme anauogopa kuliko nyoka, akasimama nje ya dirisha na mtoto begani ili aone kwa niaba yake.

"Chomoa waya. Mfuniko usiufungue kabisa, ndani patabaki na barafu. Sasa ivute, utazame nyuma, chini. Kuna kitu cheusi cha mviringo."

"Kama chungu cha maharage," jirani akasema.

"Hicho hicho, ndiyo kompresa. Kikipoa, kitikise."

Nikasubiri, nikakitikisa. Kikacheza kama jino bovu.

Mkwe akasema kipande cha mpira chini ya mguu mmoja wa kompresa kimekwisha, imelala upande, na bomba la shaba linagonga bati. "Una ndala ya zamani, mama?"

"Ninayo mguuni."

"Hiyo hiyo, kata kipande."

"Kesho tutakuona unatembea na ndala moja," jirani akasema, "tuseme uzee umekuingia kichwani."

Nikakata. Nikalegeza nati, nikaingiza kipande, nikakaza mpaka jasho likanidondoka puani. Likabaki lile bomba.

"Lisogeze liachane na bati," akasema. "Kidogo sana, mama. Likipasuka gesi inatoka yote, friza imekufa." Akaongeza, "Na maziwa."

Vidole vyangu havina nguvu kama zamani, na siku hiyo nilishukuru. Nililisogeza kama unavyomgeuza shingo mtoto mchanga aliyelala vibaya. Kidole kimoja kikapita kati ya bomba na bati. Nikamwambia.

"Inatosha. Chomeka."

Ikaguna, halafu ikabaki kuunguruma chini chini, kama mtu anayesema peke yake. Hakuna kilichogonga. Mtoto begani kwa jirani hakushtuka. Nikainua mfuniko: vipakiti vigumu kama mawe. Nikachukua kimoja, nikakiyeyusha kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, nikapokea mtoto, nikaanza na kijiko.

"Anakunywa?" sauti ikauliza nje.

"Anakunywa."

Pakapita muda. "Bado?"

"Bado anakunywa, baba. Amemaliza kipakiti kizima. Anatafuta kingine."

Nje nikasikia pua ikivutwa, mara mbili.

Jirani anaapa mpaka leo kwamba alilia, paji la uso kwenye ukuta wa jiko langu. Mimi nilikuwa ndani, sikumwona. Nilipotokea mlangoni nilimkuta bombani ananawa mikono na uso, ilhali siku hiyo friza hakuwa ameigusa. Nimeandika kama nilivyosikia. Yawezekana lilikuwa vumbi la njiani, na mimi na jirani tunamzushia. Nyie wanangu mtakaosoma, muulizeni, maana mimi siwezi. Kama haikuwa hivyo, njooni mniambie, nitafuta.