Matapishi ya Bibi Mzaa Babu

Mimi nipo duniani kwa sababu ya matapishi. Sipendi kuyasema, lakini ndivyo ilivyo, na tangu niyajue kichefuchefu hakinitoki.

Nilianza kuulizia na kuandika habari za ukoo kwa sababu ya baba mkubwa mmoja aliye hoi kitandani Matema. Anaomba kitu kimoja tu: akifa azikwe kwetu Ngana, kwenye makaburi ya babu zake. Baba zangu wadogo wamekataa katakata. Uzao wa mchawi, wanasema, haulali pale.

Huyo mchawi alikuwa bibi yake. Zamani mtoto alikufa ghafla nyumbani, wake wawili wa babu yetu mkuu wakashukiwa. Wakanyweshwa mwafi, dawa chungu ya magome. Anayetapika ni msafi. Anayeshindwa kutapika ndiye mchawi. Bibi yetu, mzaa babu, akatapika hadharani, watu wakashangilia. Mwenzake dawa ikamkaa tumboni. Wakamfukuza siku ileile, mtoto wa kiume mgongoni, akaishia Matema. Na sisi tumekuwa tukijisifu kwa hilo mpaka leo, hata kwenye harusi: ukoo msafi! Wazee wanasema hivyo Jumapili wakitoka kanisani, wala hawaoni haya.

Nikamuuliza shangazi, aliyelelewa na bibi huyo. Alikuwa anamenya ndizi. Akacheka.

"Gwe mwana, yule angeachaje kutapika? Alikuwa na mimba changa. Akinusa samaki tu, anatapika. Maji ya kunywa, anatapika."

"Mimba ya nani?"

"Ya kumzaa babu yako, nani mwingine? Alinisimulia mwenyewe."

Kumbe usafi wetu wote ni mimba ya babu! Angepata mimba mwezi mmoja baadaye, tungekuwa sisi tunaoitwa wachawi, kama tungekuwepo kabisa. Nilikiangalia chakula alichonipakulia shangazi, samaki wa ziwani na wali wa Kyela wenyewe, nikashindwa hata kukigusa.

Nikaenda moja kwa moja kwa yule aliye mkubwa kati ya baba zangu wadogo, nikamweleza yote. Alisikiliza vizuri, akijichokoa meno.

"Sasa?" akasema. "Si alitapika?"

"Baba, ilikuwa mimba!"

"Alitapika au hakutapika?"

"Alitapika."

"Basi." Akatema kijiti. "Na hayo ya mimba usiyaandike. Wewe unahangaika nini, umezaliwa upande mzuri."

Loo! Niliwahi kukanyaga chura aliyeoza nikiwa peku shambani, na sikusikia kinyaa kama kile. Tena ni baba yangu yule, nina pua yake.

Nilitoka nje nikampigia simu binti wa mgonjwa. Nilikuwa nimepanga kumweleza habari ya mimba, nikaona aibu. Nikamwambia tu kwamba wazee bado wanazungumza. Akanishukuru, ndaga, ndaga sana. Nyuma yake nikasikia sauti ya mgonjwa mwenyewe, nyembamba, ikiuliza:

"Wamekubali?"