Vita vya Kupe

Mwaka ule wa tisini, Agosti ilipoanza, jeshi la Iraq liliingia Kuwait, na kijiji chetu kikapata wataalamu wa vita kwa mkupuo mmoja. Sijui walikuwa wamejificha wapi. Watu ambao juzi tu walikuwa wakibishana kama mbolea ya kiwanda itafika kabla ya mvua au baada yake, sasa walijua vifaru, walijua makombora, walijua hata mfalme wa kule alitoroka na gari la rangi gani. Wengi wao hawakuwa wamefika mbali kuliko Nakuru, isipokuwa mmoja aliyewahi kulazwa Nairobi kwa ugonjwa wa figo, na huyo ndiye aliyetueleza jangwa lilivyo.

Bunge lao lilikuwa banda la kupimia majani. Sisi wenye mashamba madogo tunachuma chai asubuhi, tunaibeba mgongoni kwa vikapu hadi kwenye banda lililo kando ya barabara, karani anaipima, kisha tunangoja lori la kiwanda lije kuichukua. Kungoja huko kunaweza kula alasiri nzima. Wanawake hungoja wakifuma sweta. Wanaume hungoja kwa mdomo.

Spika wa bunge hilo alikuwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya kiwandani, mwenye redio aliyoivisha nguo ya kitambaa chenye maua, ameshonewa na mkewe. Tulimwita Mzee wa Redio. Habari za saa saba zikianza aliinua mkono, watu wakanyamaza kama kanisani, na zikiisha alizitoa upya kwa maneno yake. Msomaji wa habari akisema majeshi yamesogea, yeye alisema yamekimbia. Msomaji akisema haijulikani, yeye alijua.

Nami nilikuwa na sababu ya kukaa pale na kuwasikiliza, ingawa walinichefua. Dada yangu mkubwa alikuwa Kuwait. Alikuwa amesomea unesi, akajibu tangazo la gazeti, akaenda kufanya kazi katika hospitali ya huko mwaka mmoja kabla ya vita. Tangu jeshi lile livuke mpaka, hatukuwa tumesikia neno lake. Nilikwenda posta ya Litein kupiga simu, ikawa inalia upande wa pili bila kupokewa, na baadaye haikulia tena. Kwa hiyo wale wakisema mji umeteketea wote, mimi nilikuwa namhesabu dada yangu ndani ya ule mji. Wakisema wageni wamezuiliwa wote, nilikuwa namwona kwenye chumba kisicho na dirisha. Wao walikuwa wanapitisha wakati.

Kwa mama, mikono ndiyo iliyosema. Mama yangu alikuwa mchumaji ambaye wengine waliletwa kumtazama: majani mawili na chipukizi, basi, hakuna kijiti, hakuna jani gumu. Mwezi ule karani alianza kumrudishia kikapu. Yule karani alikuwa mtu wa ziwani, mpole, na alikuwa akiona haya kufanya hivyo. Alimwambia, "Mama, pole, lakini hii imeingia majani mzee," kisha akamsaidia kuchambua. Mama alichambua bila kuinua kichwa, na nyuma yake bunge likaendelea.

Na liliendelea vipi? Wiki za kwanza wote walikuwa upande wa mvamizi. Ni mwanaume, walisema, ameonyesha wale matajiri. Halafu mtu akaleta hadithi kwamba askari jangwani hawanywi ila chai, na sasa chai yetu itagombaniwa kama maji, na nikaona watu wazima wakitabasamu kwa sababu nchi ya watu imevamiwa. Mzee wa Redio alifika mahali akasema vita hii ikikaa hadi Krismasi, kila mtu hapa atajenga nyumba ya mawe.

Kisha bei ya dizeli ikapanda. Lori likaanza kuja leo na kuruka kesho. Majani yalilala kwenye magunia, yakapata joto, yakawa mekundu, na kiwanda hakichukui majani mekundu. Hapo ndipo mvamizi alipogeuka mbwa. Midomo ileile, benchi lileile, redio ileile yenye maua. Hakuna aliyeona aibu wala kusema kwamba jana alisema vingine. Jumapili mchungaji naye akaikuta vita hiyo katika Ufunuo, nzige na yote, akatuambia ilikuwa imeandikwa. Nilitaka kumuuliza kama imeandikwa pia manesi watatokea wapi.

Sasa nieleze habari ya kupe, maana ndiyo iliyonifanya niwachukie kabisa.

Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni na kanisani. Na sisi Wakipsigis, kwenye ulimi wetu b na p ni ndugu, g na k hulala kitanda kimoja. Redio ilikuwa inasema Ghuba, Ghuba, mchana na jioni: vita ya Ghuba, maji ya Ghuba, nchi za Ghuba. Mama alikuwa ameyasikiliza haya akiwa kwenye mizani, na kichwani mwake neno likaingia kama kupe, yule mdudu wa ng'ombe. Siku moja bunge liliponyamaza kidogo, alipata ujasiri akauliza, kwa heshima kabisa, huku amesimama:

"Mzee, hii askari yote, wanaenda kupigana na kupe?"

Walicheka hadi mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi. Mzee wa Redio alijifuta machozi kwa kile kitambaa cha maua. Kabla lori halijafika mama alikuwa ameshapewa jina: Bot Kupe. Kwetu bot ni mama wa fulani. Yaani waliyaweka maneno hayo pamoja, mama na mdudu, na wakayafurahia. Watoto walilichukua. Hata kanisani nililisikia likinong'onwa kwenye kiti cha nyuma.

Ningewasamehe kicheko. Mtu akichoka kungoja hucheka chochote. Lakini kicheko kilipokuwa kinapoa, Mzee wa Redio aliongeza, akimwangalia mama usoni, "Na huyo msichana nani alimtuma kwa Waarabu? Si angeolewa tu hapa."

Wakaitikia kwa vichwa. Mama aliinama, akachukua kikapu chake kitupu, akaondoka. Mimi nilitamani kuichukua ile redio na nguo yake niitumbukize kwenye dipu, mahali tunapoogeshea ng'ombe, ikaoge na mafahali.

Nyumbani nilimweleza. Nilimwambia Ghuba ni bahari iliyoingia ndani ya nchi kavu, si kupe. Alikuwa anakoroga ugali. Alifikiri, akakoroga, akafikiri, halafu akasema kwa lugha yetu kwamba afadhali ingekuwa kupe. Kupe ana dawa.

Lazima niseme jambo moja kuhusu mama na kupe. Alikuwa na sheria ambayo hata baba alipokuwa hai hakuivunja. Ng'ombe akinunuliwa Londiani, au Chepseon, au popote, haingii bomani kabla mama hajasimama naye langoni, akamkunja sikio, akapitisha vidole nyuma yake taratibu na kuangalia. Mwenye kuuza akilalamika kwamba ng'ombe wake ni safi, mama huhamia sikio la pili. Akimaliza ndipo anampiga ng'ombe kofi la shingo, na kofi hilo ndilo lilikuwa neno lake la "karibu nyumbani".

Mvua za Oktoba zilikuwa zinanyesha kila alasiri. Tulikuwa bandani, lori limechelewa kama kawaida, mama bado yuko shambani. Pikapu moja iliyotoka Kericho ikasimama, mlango ukafunguka, na akashuka mwanamke mwembamba aliyevaa koti la mwanaume na viatu vya plastiki. Mkononi alikuwa na mfuko wa nailoni, hana kingine. Nilimtazama kama mgeni. Aliponiita kwa jina ndipo miguu yangu ikaelewa.

Nilimshika. Alikuwa mifupa. Nilitaka kumpeleka nyumbani palepale lakini bunge lilikuwa limeshatuzunguka, na Mzee wa Redio amemkalisha dada yangu kwenye benchi kama mtu anayetaka kumhoji. Alimuuliza ametoka huko kwa njia gani. Dada alisema wametoka na basi, halafu wametembea, wakakaa kambini mpakani mwa Jordan, wengi, kwenye jua, hadi wakapewa ndege.

"Hapana," mzee akasema. "Hiyo njia ilifungwa. Tulisikia."

Dada alimwangalia. Nafikiri alidhani hajasikia vizuri. Akasema tena kwamba amepita hapo. Mzee akamweleza kwa upole, kama mwalimu kwa mtoto mzito, jinsi mpaka ulivyofungwa na siku gani ulifungwa. Mwingine akauliza kuhusu wale askari, kama kweli ni majitu. Dada akasema wale aliowaona walikuwa vijana, na mmoja alikuja hospitalini kumwomba maji. Hilo halikumfurahisha mtu. Walitaka majitu. Mzee wa Redio alitikisa kichwa, akamgusa dada bega.

"Wewe uliona kidogo tu, mama," akamwambia. "Sisi tulikuwa tunapata yote hapa."

Nilifungua mdomo nimwambie nilichokuwa nimekiweka tangu Agosti, na sikuwahi kukisema, kwa sababu watu walikuwa wanasogea. Mama alikuwa amefika. Alisimama kwenye mlango wa banda, kikapu kimejaa mgongoni, maji yanamtiririka usoni. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini, "Bot Kupe huyo," na wawili wakaanza kucheka.

Mama alitua kikapu. Hakukimbia wala hakupiga yowe. Alikwenda hadi kwenye benchi, akasimama mbele ya dada yangu, akamwondolea kofia ya lile koti. Akalishika sikio lake la kulia, akalikunja, akapitisha vidole nyuma yake taratibu. Akashika la kushoto. Kila mwanaume pale alikuwa mfugaji na alijua vizuri anachokitazama. Kicheko kikakatika.

Alichukua muda wake. Kisha akawageukia, na akasema kwa Kiswahili, ili hata karani asikie:

"Huyu hana kupe. Huko hakuna. Kupe wote wako hapa, wanangoja lori."

Karani aliangalia mizani yake. Mzee wa Redio alianza kuivisha redio nguo yake, akawa anakosea kifungo. Dada yangu, ambaye baadaye aliniambia hakulia jangwani wala kambini wala kwenye ndege, alianza kulia pale kwenye benchi, na mama akampiga kofi dogo la shingo, akamwinua.

Kikapu tulikiacha palepale. Tulipanda kilima kwenye matope sote watatu, na njia nzima vidole vya mama vilikuwa nyuma ya sikio la dada, bado vinatafuta.